Nesi wa Kidahwe, sehemu ya 11: Zege la uani na bwawa la watoto

Wiki iliyopita niliahidi kuendelea na habari ya akina mama wanaochelewa kuanza kliniki, naomba mnisamehe, hiyo itasubiri. Kuna mtu kaniuliza swali pembeni, nikaona jibu lake ni refu na linanihusu mwenyewe. Kauliza hivi: "Sista, nina sakafu ya zege nyuma ya nyumba. Ndugu yangu kaniletea lile bwawa la plastiki la kusimamisha juu ya ardhi, la watoto kuogelea. Je, zege litabeba au litapasuka?"

Nilicheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka. Swali hilo hilo niliulizwa Desemba, nyumbani kwetu hapa Kidahwe, nikalijibu kwa kujiamini kabisa. Hesabu niliyopiga ilikuwa sahihi. Jibu nililotoa lingeweza kuua watoto wanne.

Kaeni niwasimulie.

Wifi yangu anaishi Dar. Kila mwaka akija likizo na wanae vita ni moja tu: watoto wanataka ziwani, mama yao hataki. Na siwezi kumlaumu. Ziwa letu la Tanganyika ni zuri, lakini kichocho kipo, na sisi tunaokaa kwenye vituo vya afya tunakiona. Vijidudu vyake vinatoka kwa konokono wa majini, vinapita kwenye ngozi ya mtu aliyeingia majini, wala humsikii mtoto akilalamika siku ile. Tumbo na damu chooni vinakuja baadaye. Dawa ipo, prazikwanteli, tunatoa kwa uzito wa mtoto, lakini mama gani anataka mwanae aende likizo arudi na dozi?

Basi mwaka huu wifi akaja na suluhisho lake. Boksi kubwa, limefungwa kamba, limesafiri kwenye buti la basi kutoka Dar mpaka Kigoma. Ndani yake bwawa: vyuma vya kuunganisha na turubai nene la bluu. Upana mita 3 toka upande mmoja mpaka wa pili, kimo sentimita 76. Watoto walilala nalo chumbani usiku ule kama vile ni mgeni.

Asubuhi shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, akasema sehemu ni moja tu, pale uani kwenye zege. Zege lenyewe lilimwagwa 2020, wakati wa harusi yake yeye huyo shemeji, ili wageni wasikae kwenye tope. Tangu siku hiyo ndiyo sehemu yetu ya kuanikia mihogo na maharage, na jioni tunakaa hapo kwenye mikeka. Fundi aliyelimwaga ni jirani, akaitwa. Akalikanyaga kwa kisigino mara mbili, akasema, "Hili hata Fuso linapanda."

Wifi hakuridhika na kisigino cha fundi. Akanigeukia. "Wifi, wewe ndiye msomi wa hapa. Litabeba?"

Sasa mtu akikuita msomi mbele ya watu, kazi kweli kweli. Nikachukua simu, nikafungua kikokotoo.

Hesabu yenyewe ni rahisi na kila mmoja wenu anaweza kuipiga. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Sisi manesi tunaijua hiyo kwa mikono, ile chupa ya dripu ya mililita 500 ukiinyanyua umenyanyua nusu kilo. Bwawa la upana wa mita 3 lina nusu kipenyo cha mita 1.5. Unazidisha 1.5 kwa 1.5, halafu kwa 3.14, unapata mita za mraba 7 na kidogo. Ukijaza maji mpaka sentimita 60, unapata lita 4,240 hivi. Yaani kilo 4,240. Tani nne na robo! Ni kama ndoo 212 za lita 20.

Wifi akashika mdomo. Nikamwambia subiri, sijamaliza. Uzito huo haukai sehemu moja, umetandazwa. Kila mita moja ya mraba inabeba kilo 600. Mtu mzima wa kilo 70 akisimama, uzito wake wote unapita kwenye nyayo mbili tu, kwa hiyo pale alipokanyaga anakandamiza kuliko maji ya kina hicho. Na gari dogo ndiyo kabisa, lina kilo elfu moja na ziada, na kila tairi linagusa chini sehemu ndogo kama kiganja. Kwa hiyo zege lililolala juu ya ardhi ngumu halina shida na bwawa la watoto. Linachofanya ni kupokea uzito na kuupeleka kwenye udongo ulio chini yake. Nikafunga simu. Nikasema, "Litabeba."

Fundi akacheka, "Si nilisema?" Shemeji akaanza kuunganisha vyuma.

Bahati usiku ule mvua ilinyesha, na Desemba huku kwetu mvua haina masihara. Shemeji aliweka mpira kwenye mfereji wa paa ukamwaga moja kwa moja bwawani, kwa hiyo hakuna aliyebeba ndoo kichwani. Kesho yake asubuhi kulikuwa na kina cha sentimita 10 hivi. Watoto hawakusubiri kijae. Wakaingia wote wanne, wawili wa kwangu na wawili wa wifi, kuruka, kuanguka, kelele mpaka majirani wakaja kuchungulia. Mimi nilikuwa zamu ya usiku siku iliyofuata, kwa hiyo nilikuwepo nyumbani, nimekaa kwenye kigoda namenya mihogo, roho kwatu.

Mama mkwe akarudi kutoka kanisani. Akasimama kwenye kona ya nyumba, akaangalia.

"Mmeliweka hapo?"

"Ndiyo mama, limependeza eeh?" wifi akamjibu.

Mama hakujibu. Akaingia jikoni. Baada ya muda kidogo akaniita, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaka chumvi. Nikaenda. Akaniambia, "Mwanangu, samahani nakuuliza. Lile shimo la baba yenu, mlipomwaga zege mlilijaza na nini?"

Nikamwambia, "Shimo lipi, mama?"

Ndugu zangu, nimefanya kazi hii miaka mingi, najua jinsi mwili unavyopoa ghafla ukigundua kitu kabla hujaambiwa. Ndivyo ilivyokuwa.

Choo cha zamani cha nyumba ile kilikuwa pale. Baba mkwe alikichimba mwenyewe ujanani. Kilipojaa, akachimba kingine kule nyuma ya migomba, na cha zamani akakifunika kwa magogo, juu yake udongo, majani yakaota. Hiyo ilikuwa 2009. Mume wangu alikuwa shuleni mbali, shemeji alikuwa mtoto, mimi nilikuwa sijaolewa. Baba alifariki. Lilipomwagwa zege, mama alikuwa Kasulu anamuuguza dada yake, akarudi siku moja kabla ya harusi akakuta sakafu inang'aa. Akadhani tulichimbua, tukajaza mawe, tukamaliza. Asingeuliza, maana aliona kazi ya vijana wake wamejitahidi. Na fundi aliona kiwanja kimelala sawa, akamwaga. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Hakuna aliyemuuliza mwenzake, basi.

Sikupiga kelele. Ukimpigia mtoto kelele anaruka, na kuruka ndicho kitu ambacho sikukitaka wakati ule. Nilitoka nikasema, "Njooni mle mihogo ya moto, wa mwisho hapati." Wakatoka wanakimbizana. Wa mwisho alikuwa mdogo wangu wa miaka mitatu, nikambeba mimi mwenyewe nikiwa nimesimama nje ya bwawa, nimenyoosha mikono. Halafu nikamwita shemeji.

Tulitoa maji kwanza. Tukavuta bwawa pembeni. Shemeji akachukua mtaimbo akaanza kugonga zege taratibu, kila hatua moja. Upande wa nyumba, sauti kavu, ngo, ngo. Akasogea katikati, ngo, ngo. Akasogea kuelekea uzio, sauti ikabadilika. Ikawa nene, kama unagonga pipa tupu. Alisimama akaniangalia. Akagonga tena. Wote tulisikia.

Tukachora kwa mkaa mpaka pale sauti nene inapoishia. Ikatokea kama duara, upana mita moja na nusu hivi. Bwawa lilikuwa limelifunika lote.

Kesho yake fundi alikuja na tindo na nyundo, amekaa kimya siku hiyo. Akatoboa pembeni. Zege lilikuwa na unene wa sentimita 7, si 10 kama tulivyokumbuka, na halikuwa na nondo hata moja, maana nani anaweka nondo kwenye sakafu ya uani? Tulipopata tundu la kupitisha mkono tukaona: udongo uliokuwa chini ya zege umeshuka wote. Magogo yameliwa na mchwa, ukishika yanakuwa unga. Tuliingiza mti wa kuanikia nguo, zaidi ya mita mbili, haukugusa chini.

Miaka minne tulikaa pale juu na mikeka yetu.

Fundi ndiye aliyenieleza kwa nini lilikuwa halijavunjika, nami nimeulizia zaidi baadaye nikaelewa. Zege lina nguvu sana ukilikandamiza, lakini ukilipinda au kulivuta nguvu yake ni kama sehemu moja ya kumi tu. Likiwa limelala juu ya udongo mgumu, linakandamizwa, halina neno. Likiwa juu ya shimo linakuwa daraja. Daraja linapinda kwa chini, na kule chini ndiko linakochanika, ndiyo maana ya kuweka nondo. La kwetu lilikuwa daraja lisilo na nondo, na hakuna aliyejua kuwa ni daraja. Mtu mmoja mmoja akipita, liliweza. Lakini bwawa likijaa, juu ya lile duara peke yake pangekuwa na maji ya zaidi ya tani moja, usiku na mchana, wiki tatu, na watoto wanaruka juu yake. Na mvua inazidi kuloanisha udongo wa pembeni.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa napiga hesabu nyingine sasa. Zege likivunjika chini ya bwawa, turubai linafuata, na maji yote yanakimbilia tundu moja, na kilichomo ndani ya maji kinakwenda nayo. Naishia hapo, nyie wenyewe mnaweza kumalizia.

Sasa niseme kilichoniuma, maana sikuandika haya ili niwasimulie shimo tu.

Chuoni tulifundishwa kabla ya kutoa dawa uhakikishe mambo matano: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, muda sahihi. La kwanza ni mgonjwa. Nikiwa mwanafunzi niliwahi kupiga hesabu ya dozi ya mtoto vizuri sana, kwa kilo, kwa miligramu, sindano nimeshika mkononi, sista mkubwa akaniuliza kwa upole, "Huyu jina lake nani?" Wodini walikuwemo watoto wawili wenye jina moja. Dozi yangu ilikuwa sahihi kabisa, ya yule wa kitanda kingine. Sista hakunigombeza. Alisema tu nisianze na kikokotoo, nianze na kitanda.

Na pale uani nilianza na kikokotoo. Niliulizwa zege litabeba, nikapima maji. Sikuuliza zege lenyewe limelalia nini. Na aliyekuwa na jibu alikuwa ndani ya nyumba hiyo hiyo, ana miaka zaidi ya 70, hana simu ya kikokotoo, na hakuna aliyemwita kwenye kikao. Tulimwita fundi, tukamwita msomi.

Kwa hiyo wewe uliyeniuliza, jibu langu ni hili.

Kwanza, muulize mtu mzee kuliko wote hapo nyumbani, au aliyekuuzia kiwanja, au jirani wa siku nyingi: choo cha zamani kilikuwa wapi? Kuna kisima kilichofukiwa? Shimo la takataka? Shimo la kuchimbia udongo wa matofali? Huku kwetu viwanja vingi vina angalau kimoja kati ya hivyo. Na kama una choo cha kuvuta maji, jua shimo lake liko wapi, maana mifuniko mingi imefichwa chini ya sakafu nzuri.

Pili, gonga. Mtaimbo au mpini wa jembe, hatua kwa hatua, sakafu yote. Sauti ikibadilika, hapo hapana. Angalia nyufa pia. Ufa mwembamba kama unywele unaweza kuwa wa kukauka tu, lakini ufa ambao upande mmoja umeshuka kuliko mwingine, au unaomeza maji ya mvua, huo unakwambia udongo umeondoka chini.

Tatu, usiweke ukingoni. Maji ya paa huchimba udongo chini ya ukingo wa zege, unabaki kama mdomo unaoning'inia.

Nne, pima ulalo. Sakafu za uani huwa zimeinamishwa ili maji yatoke, na bwawa halipendi hivyo, maji yanasukuma upande wa chini mpaka vyuma vinakaa vibaya. Mafundi wanapima kwa mpira mwembamba wenye maji. Tofauti ikizidi sentimita 2 au 3 toka upande mmoja mpaka wa pili, tafuta pengine. Na tandika mkeka wa zamani au turubai chini, zege lenye kokoto linakwaruza plastiki.

Tano, kama unaishi ghorofani, usiweke kabisa kwenye baraza la juu wala juu ya paa la zege. Sakafu za juu za nyumba za kuishi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kilo 150 mpaka 200 hivi kwa kila mita ya mraba. Bwawa la sentimita 60 ni kilo 600. Hapo hatujamhesabu hata mtoto mmoja. Mpaka mhandisi aje aangalie na aandike.

Hayo ni ya zege. Ya unesi ni mawili. Maji yakikaa bila dawa wala kufunikwa, mbu wanataga, na wiki moja mpaka mbili mtoto wa mbu ameshakuwa mbu kamili. Utafiti wa malaria wa 2017 uliikuta Kigoma inaongoza nchi nzima, asilimia 24 ya watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa walikuwa na vimelea. Hatuhitaji kuwafugia mbu uani. La pili, mtoto anayezama hapigi kelele. Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu 300,000 walizama na kufa mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa mtoto mdogo maji ya kufika magotini yanatosha. Kwa hiyo watoto wakiwa majini, mtu mzima mmoja kazi yake ni kuwatazama tu. Hamenyi mihogo, na simu hashiki. Nasema hivi nikijua mimi nilikuwa namenya mihogo.

Mtauliza yaliishaje. Fundi alivunja zege lote la duara lile, hakuomba hela, shemeji akamlipa hivyo hivyo. Tulitoa mabaki ya magogo, tukajaza mawe makubwa, halafu kifusi, kila tabaka linashindiliwa. Mume wangu alisema liachwe mvua zote zipite lijikalie, ndipo tumwage upya, safari hii na nondo. Mpaka leo pana shimo la kokoto katikati ya uani, tumelizungushia miti.

Bwawa tuliliweka mbele ya nyumba, juu ya ardhi tupu iliyosawazishwa na kutandikwa mchanga, mahali ambapo mama mkwe mwenyewe alituonyesha kwa fimbo yake. Alizunguka kwanza kiwanja chote. "Hapa palikuwa shamba la mahindi tu," akasema. Tuliweka maji sentimita 30, hayakuzidi. Watoto hawakuona tofauti. Jioni tulikuwa tunayatoa, yanamwagilia migomba.

Wifi alipoondoka Januari alimwambia mama yake asante, akamwambia mbele yetu sote, na mama akajifanya hasikii.

Kesho ni Jumapili, wengi mtakuwa nyumbani kwa wazee. Ulizeni choo cha zamani kilikuwa wapi. Halafu sehemu ya 12 tunarudi kwa akina mama na kliniki, sijasahau.